Kifo cha Jean Grey mwezini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwisho wa sakata la Dark Phoenix

Humu hakuna siri iliyofichwa. Kama hujasoma komiki zenyewe na hutaki kuvunjiwa uhondo, nenda moja kwa moja swali la mwisho, chukua namba za matoleo, kisha urudi ukishamaliza.

Tunazungumzia hadithi ipi hasa?

Ni kisa cha X-Men, kikosi cha mashujaa wa komiki za kampuni ya Marvel, kilichotoka katika matoleo namba 129 hadi 138, Januari hadi Oktoba 1980 kwa tarehe za majalada. Mwandishi ni Chris Claremont. Mchoraji ni John Byrne, ambaye pia alishiriki kukitunga. Wino ni wa Terry Austin, rangi za Glynis Wein, na herufi ndani ya vile viputo vya maneno ni za Tom Orzechowski, ambaye kazi yake hutajwa mara chache sana kuliko anavyostahili. Mwisho wanaobishania wasomaji kwa zaidi ya miaka 40 umo kwenye toleo namba 137, ambalo lilitolewa likiwa nene kuliko kawaida.

Nikumbushe. Jean anafikaje mwezini?

Jean Grey ni mmoja wa X-Men watano wa mwanzo kabisa. Anasoma mawazo na kusogeza vitu kwa akili. Mwaka 1976, kwenye matoleo namba 100 na 101, anaendesha chombo cha anga kupita katika dhoruba ya mionzi ya jua ili kuwaokoa wenzake. Chombo kinaishia majini Jamaica Bay, New York, naye anaibuka na vazi jipya, jina jipya na nguvu zisizopimika: Phoenix. Ishike hiyo Jamaica Bay kichwani, tutairudia.

Miaka inapita, kisha anaingia Mastermind, bingwa wa kutengeneza mazigazi. Kwa msaada wa kifaa alichopewa na mshirika wake Emma Frost anapenya akilini mwa Jean na kumjengea maisha ya uongo ya karne ya 18, ambamo wawili hao ni mume na mke na Jean ni malkia wa kundi la matajiri liitwalo Hellfire Club. Anafikiri amempata mtumwa. Mazigazi yanapovunjika, kilichokuwa kimefungiwa ndani ya Jean kinatoka pamoja nayo. Vazi la kijani linageuka jekundu. Mastermind anaonyeshwa ulimwengu mzima kwa mkupuo mmoja na akili inamruka.

Halafu, kwenye toleo namba 135, Dark Phoenix anasafiri hadi galaksi ya mbali, anasikia njaa, na anameza nyota. Nyota ile ilikuwa jua la sayari yenye watu, jamii ya D'Bari. Watu bilioni 5 wanakufa. Anarudi nyumbani, Profesa Xavier, mwalimu na mlezi wa X-Men, anapambana naye akilini na kufanikiwa kuzifungia nguvu zake, na Jean anazinduka akiwa Jean. Hapo ndipo dola ya Shi'ar, himaya ya viumbe wa anga za mbali, iliyoliona jua lile likizimika na kupoteza meli ya kivita mikononi mwa Phoenix, inakuja kumdai. Xavier anadai haki ya pambano la heshima, na uwanja unakuwa eneo la mwezi lenye hewa ya kupumua, katikati ya magofu ya kale.

Na mwisho wenyewe ukoje?

X-Men wanapigana na kikosi cha walinzi wa dola na wanashindwa, mmoja baada ya mwingine, hadi wanabaki Jean na Scott Summers, yaani Cyclops. Jean amevaa vazi lake la zamani, kijani na njano, la siku alizoitwa Marvel Girl. Wanatoka mafichoni pamoja wakijua hawashindi. Scott anapigwa chini, na kwa uchungu wa kumwona ameanguka, vifungo vya Xavier vinakatika. Phoenix anarudi. Xavier mwenyewe anawaamuru wanafunzi wake wamzuie.

Wanakaribia kumweza. Kisha Jean anakimbilia ndani ya magofu, Scott nyuma yake, na pale anamweleza kwamba hataweza kujizuia maisha yake yote, kila dakika, bila kuteleza hata mara moja. Silaha ya kale iliyokuwa imelala humo inaamshwa na yeye mwenyewe. Mwale mmoja, na hayupo tena. Mtazamaji wa mwezini, kiumbe ambaye kazi yake ni kushuhudia bila kuingilia, anafunga kwa kusema kwamba Jean angeweza kuishi akiwa mungu lakini aliona bora afe akiwa binadamu.

Basi, unaridhisha au hauridhishi?

Unaridhisha. Naujua urefu wa orodha ya malalamiko, na mengine ni yangu, lakini nikiulizwa swali hili huwa sisiti.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwenye toleo namba 135 hadithi ilikopa watu bilioni 5. Haikukopa kijanja, gizani, kwa sentensi moja ya pembeni. Ilitufikisha kwenye sayari yao na kutuonyesha jua lao likiwageuka. Baada ya ukurasa kama ule, mwandishi hana tena uhuru wa kusema “yamekwisha, turudi nyumbani.” Kila tukio linalofuata linasomwa na yule aliyeona. Kuna hadithi chungu nzima za mashujaa ambazo huua miji mizima na mwezi unaofuata zinaendelea na utani wa mezani. Hii ilikataa.

Lakini kulipa peke yake hakutoshi. Kama Shi'ar wangemkamata na kumuua, deni lingelipwa na sisi tungebaki na kinyongo tu. Kinachofanya mwisho huu ukae moyoni ni nani anashika mkono wa silaha. Kwa matoleo tisa Jean anafanyiwa mambo: Mastermind anamchezea akili, Xavier anamfungia nguvu, Lilandra, malkia wa Shi'ar, anamhukumu, wenzake wanapigana juu ya kichwa chake kama wazazi wanaogombania mtoto. Kile kitendo cha mwisho ndicho cha kwanza, kwa muda mrefu sana, ambacho ni chake peke yake. Tena angalia jinsi Byrne anavyokichora. Hakuna mlipuko wa kurasa mbili. Visanduku ni vya kawaida, sura yake inaonekana wazi, na anamzuia Scott kwa nguvu zile zile za akili alizokuwa nazo tangu akiwa binti wa shule, ili asimkaribie. Kisha mwale, kisha Scott peke yake kwenye vumbi. Ukisoma haraka unaweza kuupita ukurasa huo ukidhani kuna mwingine.

Ni kweli mwisho ulibadilishwa dakika za mwisho?

Ni kweli, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye kisa hiki, kwa sababu inawaudhi wanaoamini kwamba hadithi nzuri hutoka kwenye kichwa kimoja ikiwa imekamilika.

Claremont na Byrne walikuwa wamepanga Jean aishi. Toleo namba 137 lilishachorwa hivyo: X-Men wanashindwa, Shi'ar wanamweka Jean chini ya mashine inayomnyang'anya nguvu zake zote moja kwa moja, na anarudishwa duniani akiwa mwanamke wa kawaida. Mhariri mkuu wa Marvel, Jim Shooter, aliposhtukia kwamba mhusika ameangamiza sayari yenye watu na adhabu yake ni kupoteza kipaji, alikataa. Kwake ilikuwa sawa na kumkamata muuaji wa halaiki, kumpokonya bunduki na kumwambia aende nyumbani.

Pendekezo lake lilikuwa Jean afungwe na ateseke. Claremont akaona hilo haliwezekani kwa aina ya watu ambao X-Men walikuwa: wasingekubali mwenzao aoze gerezani, na kila toleo kuanzia hapo lingekuwa la kujaribu kumtoa. Basi kilichobaki ni kifo. Kurasa za mwisho zikachorwa upya.

Kwa hiyo tuwe wakweli kuhusu sifa zinakokwenda. Shooter aliona deni. Claremont na Byrne ndio waliogundua namna ya kulilipa bila kumgeuza Jean kuwa mshtakiwa anayesubiri kamba. Mashabiki wengi humchora Shooter kama adui wa hadithi, bosi asiyeelewa sanaa. Kwa mambo mengine sijui mtamfanyaje, ila kwa hili alikuwa sahihi, na walioumia kwa uamuzi wake ndio waliotoa kazi bora ya maisha yao.

Ule mwisho wa kwanza unaweza kusomwa?

Ndiyo. Marvel walitoa mwaka 1984 toleo maalumu liitwalo Phoenix: The Untold Story, lenye namba 137 kama ilivyochorwa mwanzo, pamoja na mazungumzo ya waliohusika, Shooter mwenyewe akiwemo. Lisome baada ya lile lililochapishwa, si kabla.

Ule wa kwanza ungekuwa bora?

Hapana. Wanaoutetea wana hoja moja nzito: Jean asiye na nguvu, anayeishi kila siku akijua alichofanya, angekuwa mhusika mgumu na wa kuvutia. Huenda. Lakini hiyo ni hoja kuhusu hadithi ambazo zingekuja baadaye, na sisi tunauliza kuhusu mwisho. Kwenye zile kurasa za 1984 Jean amelazwa, amefungwa, na mashine inafanya kazi yake. Tena ni mambo anayofanyiwa. Tofauti kati ya miisho miwili si uhai na kifo tu. Ni kati ya mtu anayetendewa na mtu anayetenda.

Lakini aliyeua D'Bari alikuwa Jean kweli, au nguvu iliyomvaa?

Kwa matoleo ya 1980, ni Jean. Claremont hakuandika pepo aliyempanda mtu. Aliandika mtu aliyepewa nguvu kupita kiasi, akachezewa akili hadi aonje utamu wa kuzitumia bila breki, na akaupenda. Ndiyo maana anatisha. Yale mambo ya nguvu ya Phoenix kuwa kiumbe kingine, chenye nia yake, yaliletwa baadaye, na yaliletwa kwa sababu maalumu ambayo tutaifikia.

Msomaji wa leo aliyeanza na filamu huja akiwa na jibu la “alivamiwa” tayari mfukoni. Liweke pembeni kwanza. Ukisoma namba 137 ukiamini Jean hana hatia, uamuzi wake unageuka kuwa ajali ya kusikitisha. Ukisoma ukiamini anajua ni yeye, unakuwa uamuzi.

Shi'ar ni nani hata wawe mahakimu?

Swali zuri, na hapa nakubali kuna kasoro. Lilandra, malkia wa dola, ni mpenzi wa Xavier. Kaka yake D'Ken, aliyekuwa mfalme kabla yake, alikaribia kuangamiza ulimwengu wote kwa ajili ya fuwele yenye nguvu iitwayo M'Kraan kwenye matoleo namba 107 na 108, na aliyeuokoa ulimwengu siku ile alikuwa nani? Phoenix. Hakuna anayelitaja hilo kwa uzito unaostahili pale mwezini. D'Ken aliishia kupoteza fahamu zake, lakini hakuna dola iliyomwitia pambano. Mkuki kwa nguruwe, kama tunavyosema.

Ningependa ukurasa mmoja tu ambapo mmoja wa X-Men anamtupia Lilandra jambo hilo usoni. Badala yake tunapata mapigano marefu ambayo, nikisema ukweli wangu, yanachosha katikati. Walinzi wa dola ni wengi, nguvu zao zinafanana fanana, na kuna sehemu unageuza kurasa kwa kusubiri tu.

Kinachookoa sehemu hiyo ni usiku wa kabla. Claremont anamchukua kila mmoja wao peke yake na kumwacha apime moyoni kama inafaa kufa kwa ajili ya Jean. Si wote wana uhakika. Wanaingia uwanjani asubuhi na mashaka yao, na wanapigana hata hivyo. Sehemu ile imenikaa kuliko ngumi zote zinazoifuata.

Kuna lawama kwamba ni hadithi nyingine tu ya mwanamke mwenye nguvu kubwa ambaye lazima afe. Ina ukweli?

Ina ukweli, na anayeipuuza kwa kupunga mkono hajasoma vizuri. Mwanamke wa kwanza wa X-Men anapata nguvu kuliko wanaume wote wa kikosi, na ndani ya miaka minne anakuwa wazimu, mlafi na maiti. Njia ya kuelekea uovu inaonyeshwa kwa mavazi ya kamba na ngozi. Anayemfungulia mlango ni mwanaume mlaghai, anayejaribu kuufunga ni mwanaume mlezi, na anayeliliwa zaidi mwishoni, kwa kiasi fulani, ni mwanaume aliyebaki.

Siwezi kuipangua lawama hiyo yote. Ninachoweza kusema ni kwamba hadithi yenyewe inaonekana kuishuku. Mastermind anadhani anamtawala na anaadhibiwa vibaya kuliko wote. Kufuli ya Xavier inavunjika. Kila mpango wa kumdhibiti Jean unafeli, hadi unabaki ule wa kwake. Kama hilo linatosha au halitoshi, wasomaji ninaowaheshimu wamegawanyika, na mimi mwenyewe jibu langu hubadilika kila ninaporudia kusoma.

Toleo namba 138 ni la lazima?

Lazima kabisa, na hapa nina kisa changu. Nilisoma sakata hili kwa mara ya kwanza kwenye kitabu kimoja cha mkusanyiko. Kile cha kwanza, kilichotoka 1984, kinakusanya namba 129 hadi 137 na kuishia hapo. Nilifunga kitabu nikiwa nimekasirika. Nikazunguka nikimwambia kila mtu kwamba mwisho umekatwa kama kamba, mtu anakufa na shoo imekwisha. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba kuna toleo zima linalofuata, nami nilikuwa nikilaumu mkato wa kitabu nikidhani nalaumu hadithi.

Namba 138 ni mazishi. Hakuna adui. Scott amesimama kaburini na anakumbuka historia yote ya X-Men tangu siku ya kwanza, kipande baada ya kipande, na kwa msomaji asiyejua matoleo ya zamani inaweza kuonekana kama muhtasari wa kuchosha. Nami niliona hivyo. Ukiirudia unatambua kwamba ndivyo akili ya mfiwa inavyofanya kazi: inarudi mwanzo na kupitia kila kitu, ikitafuta mahali ambapo mambo yangeweza kwenda vingine. Akimaliza anaacha kikosi na kuondoka. Wakati huohuo msichana wa miaka 13, Kitty Pryde, anafika shuleni kuanza maisha mapya.

Jean alirudi vipi 1986?

Marvel walitaka kuwaunganisha tena X-Men watano wa mwanzo katika mfululizo mpya, X-Factor. Wanne walikuwepo. Nafasi ya tano ilikuwa imepangwa kwenda kwa Dazzler, shujaa mwingine wa Marvel, hadi likaibuka wazo ambalo Kurt Busiek, mwandishi aliyekuja kujulikana baadaye, alilibuni akiwa bado shabiki tu na kumsimulia Roger Stern, naye Stern akamfikishia Byrne.

Wazo ni hili. Je, kama Jean hakuwahi kuwa Phoenix? Wakati chombo kinaanguka mwaka 1976, nguvu ya Phoenix ilichukua sura na kumbukumbu zake, na kumlaza Jean halisi kwenye kitu kama kifukofuko chini ya maji ya Jamaica Bay. Aliyependana na Scott miaka ile, aliyemeza nyota, aliyekufa mwezini, alikuwa nakala. Avengers wanakipata kifukofuko hicho kwenye toleo lao namba 263, na Jean anazinduka kwenye Fantastic Four namba 286, yote ya Januari 1986. Mwezi uliofuata X-Factor namba 1 ikatoka.

Kama kazi ya fundi wa mishono, ni ya ajabu. Haivunji kisanduku hata kimoja cha hadithi ya zamani. Na ilikidhi sharti la Shooter lile lile: Jean anaweza kurudi endapo tu hana damu ya D'Bari mikononi.

Je, kurudi huko kunaharibu mwisho wa 1980?

Kurudi kwenyewe, hapana. Katika komiki za mashujaa kaburi ni chumba cha kusubiria, kila msomaji anajua, na anayekasirika kwamba mhusika amefufuka amechagua burudani isiyo yake.

Kinachouma ni namna. Fikiria wamembakisha Jean yule yule, wakamrudisha na kumbukumbu zote, na kumwacha aishi na D'Bari kichwani. Ule uamuzi wa mwezini ungebaki uamuzi wake. Badala yake walifuta deni kwa kuonyesha kwamba mdaiwa alikuwa mtu mwingine mwenye jina linalofanana. Aliyechagua kufa akiwa binadamu, kumbe hakuwa binadamu. Maneno ya Mtazamaji yanabaki yakielea hewani bila mwenyewe.

Nadhani waandishi nao walilihisi pengo. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1989, mwishoni mwa kisa cha Inferno, kumbukumbu za Phoenix zilirudishwa ndani ya Jean, pamoja na za Madelyne Pryor. Yaani walihitaji kumpa tena kile walichokuwa wamemvua kwa taabu kubwa.

Huyo Madelyne Pryor ni nani tena?

Mwathirika wa kweli wa 1986. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1983, rubani aliyefanana na Jean kama mapacha, ambaye ndege yake ilianguka siku ile ile Phoenix alipokufa. Claremont alimleta ili Scott apate kuendelea na maisha. Walifunga ndoa kwenye namba 175 na wakapata mtoto wa kiume. Huo ulikuwa mwisho mwema wa Cyclops, na kwa kipindi kifupi ulisimama vizuri kama sura ya ziada ya sakata.

Jean alipofufuliwa, Scott alimwacha mkewe na kichanga na kukimbilia X-Factor. Hakuna maelezo yaliyowahi kumsafisha kwa hilo. Baadaye Madelyne akatangazwa kuwa nakala ya Jean iliyotengenezwa na mwanasayansi mwovu Mister Sinister, akageuzwa mwovu, akafa. Ukitaka kujua gharama halisi ya kufuta mwisho mzuri, usimtazame Jean. Mtazame huyu, ambaye hakufanya kosa lolote isipokuwa kuolewa na mtu ambaye hadithi ilimhitaji upya.

Jean amekufa mara ngapi?

Kidogo kuliko utani unavyodai. Baada ya mwezini, kifo chake kikubwa kingine kiko New X-Men namba 150 ya mwaka 2004, kilichoandikwa na Grant Morrison, na yule Jean mtu mzima hakurudishwa hadi Phoenix Resurrection, mfululizo ulioanza Desemba 2017. Miaka 13 ni mingi kwa komiki.

Filamu na katuni za televisheni ziliumaliza vipi?

Katuni ya miaka ya 1990 iliutumia mwisho wa mwezini karibu hatua kwa hatua, kisha wenzake wakachangia kila mmoja sehemu ya uhai wake na Jean akarudi. Watu huicheka. Mimi naiona ya haki kuliko inavyoonekana, kwa sababu humo nyota iliyomezwa haikuwa na wakazi. Hakuna deni, hakuna haja ya kufa.

Filamu ya 2006, X-Men: The Last Stand, ilimkabidhi Wolverine kazi ya kumuua Jean kwa makucha, akiombwa na Jean mwenyewe. Yaani walichukua kitendo pekee kilichokuwa cha Jean na kumpa mwanaume maarufu zaidi kwenye bango. Ile ya 2019, Dark Phoenix, ilirudisha uamuzi kwake, lakini hakuna sayari aliyoiangamiza, na D'Bari wakageuzwa kuwa wavamizi wabaya. Wale watu wa sayari iliyomezwa, ambao ndio sababu ya kila kitu, wamekuwa maadui wa kupigwa. Nilicheka peke yangu sinema nzima ikiwa kimya.

Nianzie wapi, na niishie wapi?

Anza na namba 101 upate kuona anavyoibuka majini. Soma 107 na 108 kwa ajili ya fuwele ya M'Kraan, halafu nenda 129 na usome mfululizo hadi 138. Usisome 137 usiku ukiwa na usingizi, ni ndefu. Kisha pumzika, siku kadhaa hivi, kabla ya kufungua lile toleo maalumu la 1984. Ya 1986 yasome ukitaka. Ukiona hamu ya kujua Scott alimwambia nini Madelyne siku aliyoondoka, namba 1 ya X-Factor inayo, nayo itakuudhi.